Kila sekondari inahitaji magazeti mawili ya wanafunzi, moja halitoshi

Mhariri_Ukutani (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Leo naomba tuzungumzie watu ambao sijaona wakipewa uzi wao humu: timu za magazeti ya wanafunzi sekondari. Wale waliokuwa wanakesha maktaba Ijumaa usiku na karatasi za manila, maka peni na rula ndefu ili Jumamosi asubuhi gazeti liwe ukutani kabla ya uji.

Hoja yangu ni moja na nitaitetea. Shule yenye gazeti moja la wanafunzi huwa na gazeti legelege. Shule yenye mawili yanayoshindana huwa na mawili mazuri, na wale wanaoshindana hivyo ndio baadaye wanakuwa marafiki wa kufa na kuzikana.

Nianze mbali kidogo, kwa sababu vijana wengi hawajui kwamba gazeti la Kiswahili lenyewe lilikulia shuleni. Mwaka 1888 pale Kiungani, Zanzibar, kwenye chuo cha Mtakatifu Andrea cha UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, ndipo lilipoanza kutoka Msimulizi, na vijana wa chuo ndio walioshika kazi. Miaka ya 1890 wenzao wa Magila, upande wa Muheza, nao wakawa na la kwao, Habari za Mwezi. Kisha mwaka 1904 shule ya serikali ya Wajerumani kule Tanga ikaanzisha Kiongozi, likichapwa kwenye mtambo wa shule yenyewe. Shule tatu, magazeti matatu, na Magila na Tanga ni jirani kabisa. Kwa hiyo anayesema gazeti la wanafunzi ni mchezo wa kupotezea muda wa masomo, ajue anazungumzia mahali ambapo uandishi wetu wa habari ulijifunza kutembea.

Sasa nije kwetu. Nilisoma kidato cha tano na sita shule ya bweni ya wavulana, Nyanda za Juu Kusini. Tulikuwa na magazeti mawili ya ukutani. Moja la Chama cha Kiswahili, ambalo ndilo nilikuwa nalihariri, na la pili la Klabu ya Kiingereza. Lao lilikuwa kushoto mwa mlango wa bwalo, letu kulia. Wanafunzi wakipanga foleni ya chakula wanasoma upande mmoja wakienda, upande wa pili wakitoka.

Msomaji wa kawaida hasomi kwa ukali. Ana njaa, anatazama kichwa cha habari, anacheka katuni, anasogea. Anayekusoma kweli ni mshindani wako. Yeye anakuja na daftari. Anahesabu magoli uliyoandika, anakwenda kumuuliza refa. Anasoma kwamba stoo imebaki na magunia fulani ya maharage, anakwenda kuyahesabu. Tulikuwa na kanuni ambayo tuliirithi kwa waliotutangulia: ukikamata kosa la jirani unalitoa kwenye gazeti lako, chini kabisa kona ya kulia, kwa adabu, bila kejeli, na aliyekosea lazima ajibu toleo linalofuata. Kona ile ndiyo iliyotufundisha kazi. Kabla ya kubandika tulikuwa tunajiuliza, "Wale wa kushoto wakienda kuuliza hili, watajibiwa hivi hivi?" Hakuna mwalimu aliyewahi kutukagua kwa ukali huo.

Kuna muhula pampu ya maji iliharibika na shule nzima ikawa inachota mtoni. Wenzetu walipata habari kwanza: walimwona fundi, wakajua kifaa gani kimekufa, wakaandika. Ilikuwa habari nzuri na sisi tukabaki tunatazama. Kwa sababu kuirudia ingekuwa aibu, tukalazimika kutafuta ambacho wao hawakukipata. Mwenzetu mmoja akaenda kwa makamu mkuu wa shule kuuliza kifaa kinaagizwa kutoka wapi na nani anasaini hundi. Mwingine akaenda zahanati ya shule kuuliza kama wagonjwa wa tumbo wameongezeka. Wiki ile upande wetu ukaeleza kwa nini maji yatachelewa na kwamba muuguzi anataka watu wachemshe ya kunywa. Wao nao hawakulala. Wakaenda mtoni wenyewe kuona vidato vya chini wanachotea wapi, wakakuta ni chini ya sehemu ya kufulia, wakachora ramani. Baada ya ramani ile viongozi wa wanafunzi wakabadilisha sehemu ya kuchota.

Angalieni mlolongo huo. Tungekuwa na gazeti moja, habari ingeishia kwa fundi. Hakuna aliyekuwa na mpango wa kufika hadi kwa muuguzi wala mtoni, tulisukumana tu hadi huko.

Na bado tulikuwa tunakula sahani moja. Rula ndefu ilikuwa moja shule nzima, stepla moja, maka peni nyekundu zikipatikana mbili ni sikukuu. Tulifanya kazi maktaba ile ile, wao meza ya dirishani, sisi karibu na kabati la atlasi, na manila zimegeuzwa uso chini mtu akipita.

Kisa ambacho sijakisahau ni cha mwandishi wao wa vichwa. Kila timu ilikuwa na mtu mmoja mwenye mwandiko mzuri ambaye ndiye anaandika vichwa vya habari kwa herufi kubwa, na bila huyo gazeti linaonekana kama tangazo la mnada. Wa kwao akalazwa na malaria siku ya Ijumaa. Mhariri wao akaja mezani kwetu, hakuzunguka, akasema anaomba kuazima mtu. Wa kwetu akainuka bila kuniangalia, akaenda meza ya dirishani, akawaandikia vichwa vyote hadi umeme wa jenereta ulipozimwa, kisha akamalizia kwa kibatari. Maana yake alisoma habari yao kubwa usiku ule, kabla haijatoka. Aliporudi bwenini tulimzunguka. Tulimuuliza kwa upole, tukamuuliza kwa nguvu, mmoja akamwahidi sukari. Akasema, "Mtaisoma kesho kama wengine." Akavuta blanketi.

Yule mhariri wao na yule mwandishi wa vichwa wetu ni mashemeji leo.

Nataka kusikia kutoka kwenu. Shuleni kwenu mlikuwa na moja au mawili? Na walioshindana na shule jirani, ilikuwaje?

---

Siti_ya_Mbele

Kanuni ya kona ya makosa sijawahi kuisikia popote. Naweka kambi hapa.

---

Mdau_wa_Bonde

Nawasalimu kutoka Kenya. Sisi shule ya upili yetu ilikuwa na jarida moja tu la mwaka, linauzwa siku ya wazazi na ya kutoa zawadi. Kwa hivyo ndani ya shule hakukuwa na mshindani. Mshindani wetu alikuwa shule ya wasichana iliyo upande wa pili wa barabara kuu.

Jinsi tulivyokutana: klabu za uanahabari zilikuwa zinaalikana, mwezi huu kwao, muhula ujao kwetu. Mnakaa ukumbini, mnajadiliana mada, mnakunywa soda na mkate. Wavulana wengi walikuwa wanaenda kwa ajili ya soda na mengine mnayoyajua. Lakini wale wa jarida tulikuwa na shughuli yetu pembeni. Tulibadilishana rasimu. Wao wanasoma hadithi na mashairi yetu, sisi tunasoma yao, kila mtu anaandika maoni kwa penseli ukingoni. Mhariri wao alikuwa hana huruma. Aliwahi kurudisha shairi langu likiwa na mstari mmoja tu umebaki bila alama, na pembeni ameandika, "Huu ndio shairi. Anza hapa." Nilianza hapo kweli, na ndilo lililochapishwa.

Ilipofika siku ya kutoa jarida kila upande ulikuwa unataka kutoka kwanza. Wao walikuwa na mchapishaji mjini ambaye alikuwa mjomba wa mmoja wao, kwa hivyo walitushinda karibu kila mwaka. Mwaka wetu wa mwisho mashine ya mchapishaji wetu iligoma zikiwa zimebaki siku chache kabla ya siku ya wazazi. Mwalimu wetu akampigia mwalimu wao. Jioni hiyo hiyo yule mjomba akapokea kurasa zetu na kuzifunga pamoja na za kwao. Majarida yote mawili yalitoka kwenye gari moja.

Kwa hivyo naunga mkono hoja yako lakini naongeza: mshindani anaweza kuwa nje ya ua. La muhimu awe karibu kiasi cha kutembea kwa miguu. Ukishindana na shule iliyo mbali, hamwezi kuazimana mjomba.

---

Mwalimu_wa_Zamu

Mwanzisha uzi, umeandika vizuri na nimekusoma hadi mwisho. Lakini mimi ni mwalimu, nimelea klabu ya habari kwenye shule mbili tofauti, na naomba nilete upande ambao wanafunzi hawauoni.

Kwanza, nguvu kazi. Wanafunzi wanaoweza kuandika aya tatu zinazosomeka ni wachache kila kidato. Ukiwagawa mara mbili unapata timu mbili dhaifu.

Pili, ushindani ukikosa mtu wa kuushika unageuka vijembe. Niliwahi kuwa na magazeti mawili, la watu wa sanaa na la watu wa sayansi. Mwezi wa kwanza mazuri sana. Mwezi wa pili wakaanza kuandikana. Nani kafeli jaribio, nani anaandikiana barua na nani, nani baba yake ana deni dukani. Mtoto mmoja alikaa bwenini siku mbili hataki kutoka. Niliyafunga yote mawili na sijuti.

Tatu, fedha. Mkuu wa shule anatoa manila za gazeti moja kwa kunung'unika. Ukimwambia mawili atakuuliza la pili linaongeza nini kwenye ufaulu.

Sipingi kabisa. Nauliza mliwezaje.

---

Mhariri_Ukutani

Mwalimu, shikamoo, na asante. Maswali yako ndiyo yenye uzito kuliko sifa.

La vijembe nalianza kwa sababu ndilo linaloua. Kwetu kulikuwa na mpaka mmoja usiovukwa: mtu hatajwi kwa jina kwenye habari mpaka ameulizwa uso kwa uso na jibu lake limeandikwa. Hii peke yake inamaliza umbea, maana mambo ya umbea huwezi kwenda kumuuliza mtu. Na washindani wakivunja kanuni hiyo hatuwajibu kwa kuivunja. Tunaandika kwenye kona: "Toleo lililopita jirani zetu walimtaja fulani bila kumuuliza. Tumemuuliza, naye amesema hivi." Ukifanyiwa hivyo mara moja, shule nzima inakutazama foleni ya chakula, hurudii. Nadhani watoto wako walikuwa na magazeti mawili lakini hawakuwa na kona.

Jambo la pili lililotulinda ni mlezi mmoja kwa timu zote. Kila timu ikiwa na mwalimu wake, walimu nao wanaanza kushindana, na mwalimu akishindana mwanafunzi anapata ruhusa ya kuumiza. Mlezi wetu alikuwa mmoja, alisoma yote mawili Ijumaa jioni, na hakuwahi kuiambia timu moja kilichoko kwa wenzao.

La tatu nilisahau kuliandika mwanzo, na sasa naona ndilo lilitufanya marafiki: toleo la kufunga shule. Mwisho wa kila muhula magazeti yote mawili yalisimama na likatoka moja la pamoja, la ukuta mzima, kuanzia mlango wa bwalo hadi dirisha la jikoni. Timu zilichanganywa kwa makusudi. Mwandishi wa kwetu anapewa mhariri wa kwao. Unamkuta mtu uliyekuwa unamwinda muhula mzima anakusahihishia sentensi, na unagundua ana jicho ambalo kwenu hakuna. Muhula mpya ukianza mnarudi kila mtu ukutani kwake, lakini sasa unajua unashindana na nani.

Kuhusu nguvu kazi, kwa heshima zote sikubaliani. Waandishi hawakuwa kapu lililojazwa likagawanywa. Waliongezeka kwa sababu nafasi ziliongezeka. Gazeti moja lina mhariri mmoja, mchora katuni mmoja, mtu mmoja wa michezo, na wale wa kidato cha tano wanakaa wanasubiri wakubwa wamalize. Magazeti mawili yanahitaji wawili wawili. Yule aliyechora ramani ya mto alikuwa amekataliwa na timu yetu kwa sababu tulikuwa tayari na mchoraji. Tungekuwa peke yetu asingechora kitu hadi amalize shule.

Fedha: nyuma ya kalenda za zamani. Ofisi zote, benki, maduka ya dawa, wote Januari wanatupa kalenda za mwaka uliopita, karatasi nzito, nyeupe nyuma. Tulizikusanya likizoni, kila mtu na mji wake. Mkuu wa shule tulimwomba maka peni tu.

---

Mama_wa_Pwani_CA

Mimi nipo Marekani, jimbo la California, na binti yangu yuko kwenye gazeti la shule yake, kwa hiyo dunia hii naiona kila wiki. Nimeona niwaletee mfano ambao unaunga mkono uzi huu kuliko nilivyotegemea.

Kuna shule ya umma hapa inaitwa Palo Alto High School. Gazeti lake, The Campanile, lipo tangu 1918. Mwaka 1984 akaja mwalimu Esther Wojcicki akakuta darasa la uandishi la wanafunzi wachache, kama 20 hivi. Lilipoanza kukua hawakuishia kulijaza gazeti lile lile. Yakazaliwa mengine: Verde ambalo ni jarida la habari na makala, Viking la michezo, C Magazine la sanaa na utamaduni, tovuti ya The Paly Voice, na kitabu cha mwaka cha shule, chenye picha za wanafunzi na matukio ya mwaka, ambacho kina timu yake. Leo mamia ya wanafunzi wapo kwenye machapisho haya, kila moja na wahariri wake, na wanawindana habari kama mlivyokuwa mnawindana pampu ya maji. Mwalimu wa Zamu, hapo ndipo penye jibu la swali lako la nguvu kazi. Mwaka 2014 wakafunguliwa jengo lao, na timu hizi zote zinafanya kazi chini ya paa moja. Siku za kufunga toleo wanakaa hadi usiku na wazazi wanapeleka chakula. Chakula hakiulizi wewe ni wa gazeti gani.

Shule ya binti yangu haina majengo ya namna hiyo, lakini tabia ni ile ile. Kwao gazeti na kitabu cha mwaka wanatumia chumba kimoja na kamera zile zile. Wa gazeti wanasema wa kitabu cha mwaka wana muda wa kulala. Wa kitabu cha mwaka wanasema gazeti linafungia maandazi, kitabu kitawekwa kabatini miaka 50. Halafu siku ya mechi kubwa mpiga picha ni mmoja, anapiga kwa ajili ya wote, na kinachogombaniwa ni nani achague picha kwanza.

Kingine kilichonigusa ni mikutano yao ya kitaifa. Vyama viwili, cha walimu wa uandishi kinachoitwa JEA na cha machapisho ya wanafunzi kinachoitwa NSPA, vinakutanisha wanafunzi mara mbili kwa mwaka, majira ya kuchipua na ya vuli. Wanakuja maelfu kutoka majimbo yote. Kuna mashindano ya papo kwa papo: mnawekwa chumbani, anakuja mtu anazungumza kama kwenye mkutano wa waandishi, mnapewa muda, mnaandika, mnakusanya. Kuna tuzo kubwa inaitwa Pacemaker ambayo NSPA inatoa tangu 1927, na wengine wanaziota zile za Columbia kule New York, ambako chama cha machapisho ya shule kipo tangu 1925. Lakini binti yangu alirudi na begi limejaa magazeti ya shule za watu. Wanabadilishana, shule moja inaweka rundo lake mezani na kuchukua ya wengine. Alikaa sakafuni sebuleni wiki nzima anayakata kurasa anazozipenda na kuzibandika ukutani kwake. Akasema, "Mama, hawa wa Texas wametuzidi, angalia walivyopanga ukurasa huu." Alisema hivyo kwa furaha. Kushindwa kule kulimpa kazi ya kufanya.

Nigusie na jambo la wakubwa kukata habari, maana huku nako lipo. Mwaka 1983 mkuu wa shule ya Hazelwood East, jimbo la Missouri, aliondoa kurasa mbili za gazeti la wanafunzi zilizokuwa na habari za mimba za wanafunzi na talaka za wazazi. Wanafunzi walikwenda mahakamani, na mwaka 1988 Mahakama ya Juu ya Marekani ikampa haki mkuu wa shule. California ilikuwa na sheria yake ya tangu 1977 inayowalinda wanafunzi, kwa hiyo hapa wanapumua zaidi. Naamini shule yenye machapisho mengi ni vigumu kuinyamazisha, kwa sababu kinachokatwa hapa kitaulizwa pale.

---

Binti_Bweni_la_Pili

Mama wa Pwani, hiyo sentensi yako ya mwisho sisi tuliiishi.

Shule ya wasichana, kidato cha tatu. Magazeti mawili, la kwetu na la bweni la nne, na tulikuwa hatupendani hata kidogo kwa habari ya kazi. Wao walikuwa na mashairi mazuri, sisi tulikuwa na habari ngumu. Tukaandika kuhusu taulo za kike: kwamba duka la shule linauza kwa bei iliyozidi ya mjini, na kwamba wasiokuwa na hela wanakosa vipindi siku zile. Tuliuliza wasichana, tuliuliza mwenye duka, matroni tulimkosa. Gazeti likabanduliwa kabla ya chai.

Hatukuwaomba bweni la nne kitu chochote. Wiki iliyofuata walibandika lao kama kawaida, mashairi, michezo, mapishi, ila katikati waliacha nafasi tupu, ukubwa ule ule wa habari yetu, wameizungushia mstari mweusi. Chini yake wameandika: "Nafasi hii ni ya jirani zetu." Basi.

Kila aliyepita aliuliza. Waliojua wakawasimulia wasiojua, na habari ikasomwa kwa mdomo na wengi kuliko ambao wangeisoma ukutani. Uongozi ukawaita wahariri wote wawili. Tulisimama pale na yule mhariri wao ambaye tulikuwa hatusalimiani vizuri, na akajibu maswali niliyoulizwa mimi, na mimi nikajibu aliyoulizwa yeye. Mwisho tukaruhusiwa kuibandika tena kwa sharti matroni ahojiwe, jambo ambalo lilikuwa la haki. Matroni akahojiwa, akaeleza bei inavyopangwa, na muhula uliofuata bei ilishuka.

Mwaka ule ule tuliendelea kushindana na tuliwashinda kwenye habari za mahafali. Yeye ndiye aliyenisimamia kwenye harusi yangu.

---

Kijana_wa_Sita

Shikamooni wote. Mimi nimemaliza kidato cha sita juzi juzi, niseme hali ya sasa. Gazeti la ukutani halijafa. Simu shuleni haziruhusiwi, kwa hiyo ukuta bado una wasomaji. Tofauti ni kwamba siku hizi tunaandika kwenye kompyuta ya maktaba, tunachapa kurasa za A4, tunabandika juu ya manila. Kwetu lilikuwa chini ya klabu ya Fema, na jarida la vijana la Fema lenyewe likifika shuleni tulikuwa tunalichambua jinsi lilivyopangwa, tunaiga safu za barua na mahojiano.

Tulikuwa na gazeti moja. Nasoma uzi huu naelewa kwa nini lilikuwa linachosha. Kuna wakati naibu mhariri alitaka kuanzisha la kwake, na mhariri akachukulia kama usaliti, wakanuniana hadi tumemaliza. Mdogo wangu sasa yuko kidato cha tatu shule ile ile na anataka kujaribu. Afanyeje ili asionekane msaliti?

---

Mhariri_Ukutani

Kijana, aende kwa mhariri wa sasa mwenyewe, kabla ya kwenda kwa mwalimu. Asimwambie "naondoka". Amwombe awe msomaji wake wa kwanza wa makosa, na amwahidi kumfanyia vivyo hivyo. Mhariri akijua atapata mtu wa kumsoma kwa makini kila wiki, mara nyingi roho inatulia, kwa sababu wahariri wana upweke mkubwa wa kutosomwa. Halafu wagawane vitu hadharani mbele ya timu zote: maka peni ngapi huku, ngapi kule, nani anatumia kompyuta siku gani. Ugomvi mwingi niliouona ulianzia kwenye vifaa.

Na wasianze na habari za aina moja. La mdogo wako lianze na kitu ambacho lililopo halikigusi. Watakuja kukutana katikati wenyewe.

Binti wa Bweni la Pili, ile nafasi tupu nimeisoma mara kadhaa. Wapeni salamu bweni la nne.

---

Mwalimu_wa_Zamu

Nimerudi. Nimesoma yote, ya mama wa California, ya bweni la pili, na lile la kona. Nakiri kona sikuwa nayo, na walezi walikuwa wawili, mimi na mwenzangu wa sayansi, na ni kweli tulikuwa tunataniana kupita kiasi.

Januari shule ikifunguliwa nitajaribu na kidato cha tatu. Timu mbili, mlezi mimi peke yangu, toleo la pamoja mwisho wa muhula. Swali moja limebaki: nani anaamua aliyeshinda? Nilikuwa nafikiria zawadi ya madaftari.

---

Mhariri_Ukutani

Usiweke zawadi, mwalimu, wala hakimu. Wakijua nani anatoa zawadi wataanza kumwandikia yeye. Kwetu ushindi ulikuwa unaonekana kwenye foleni, watu wamesimama upande gani muda mrefu, na kila timu ilikuwa na maelezo yake kwa nini wiki hiyo ni wao.

Kinachohitajika ni mbao mbili za matangazo zenye ukubwa sawa, moja kila upande wa mlango wa bwalo, zisiwe mbali kiasi kwamba mtu asome moja akaiacha nyingine. Kama kuna taa iwe katikati. Nitumie ujumbe wa faragha jina la shule na anwani, maka peni za matoleo ya kwanza kwa timu zote mbili nitaleta mimi. Kalenda za zamani waanze kukusanya likizo hii hii ya Desemba.